Valvu Mpya, Ndugu Wale Wale

Hongera kwa kutoka wodini. Kidari chako kimepasuliwa kwa msumeno, moyo umesimamishwa, mashine imeshika zamu ya moyo na mapafu kwa saa kadhaa, mlango wa moyo, yaani valvu, uliokuwa umekakamaa umetolewa na mwingine kushonwa mahali pake, kisha mfupa umefungwa kwa waya za chuma ambazo kwa kawaida mtu huzikwa nazo. Yote hayo yamepita ukiwa usingizini. Kinachofuata utakipitia ukiwa macho: unarudi nyumbani kwa watu wanaokupenda.

Karatasi ya ruhusa uliyopewa inaeleza dawa, kidonda na tarehe ya kliniki. Haisemi lolote juu ya shangazi yako. Mwongozo huu unajaribu kuziba pengo hilo.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kwa upande wa ndugu. Mgonjwa wa valvu akibahatika alipelekwa India, na kwa kuwa nauli ya ndege haina huruma, alisindikizwa na mtu mmoja tu. Alikohoa, akalia na kujifunza kutembea upya mbele ya watu wasiojua hata jina la ukoo wake, akarudi kidonda kimekwisha funga. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe pale Upanga, Dar es Salaam, mwaka 2015, wengi zaidi wanapasuliwa umbali wa nauli ya daladala kutoka kwa mjomba. Ni maendeleo makubwa, na hapo sifanyi mzaha. Ila yana gharama ambayo hakuna ankara iliyoiandika.

Tena zingatia umri wako. Ulaya na Marekani mgonjwa wa valvu mara nyingi ni mzee ambaye mlango wa moyo wake umechakaa kwa miaka. Kwetu wengi ni vijana, hata wanafunzi. Waliugua tonsesi utotoni, wakasukutua maji ya chumvi yakaisha, kinga ya mwili ikachanganyikiwa na kuushambulia moyo, na miaka mingi baadaye ngazi zile zile za shule zikaanza kuwa ndefu. Maana yake ni kwamba karibu kila atakayekuja kukuona ni mkubwa kwako. Huwezi kumfukuza. Utamwamkia shikamoo ukiwa umelala chali, kwa sauti isiyotoka kwa sababu ya bomba lililokuwa kooni, naye atajiuliza kama ulifundwa.

Wanahisa

Operesheni yako ilichangiwa. Palikuwa na kundi la WhatsApp lenye jina lako na neno "matibabu", mwenyekiti, mweka hazina, na mtu mmoja aliyetuma sala kila alfajiri bila kutuma pesa. Usidhani michango ile ilikuwa sadaka. Aliyetoa elfu kumi amenunua hisa katika valvu yako, na wanahisa wana haki zao: kupewa taarifa kila siku, kuliona kovu, na kupiga kura juu ya chakula chako.

Juu yao wako wenye hisa za daraja la kwanza, yaani waliotoa damu. Binamu aliyetoa chupa moja hataacha kukukumbusha hadi mmoja wenu aondoke duniani. Ukikasirika atasema, "Hasira hiyo si yako, ni ya damu yangu." Ukifanya jambo la busara atasema hivyo hivyo. Usijisumbue kumweleza kwamba damu ya ndugu huingia benki ya damu, na uliyowekewa wewe huenda ilitoka kwa mwanafunzi wa sekondari asiyekujua. Mtu aliyechomwa sindano kwa ajili yako ana haki ya kutamba.

Wanahisa husimamiwa na msemaji. Mteue mapema, mkabidhi simu yako, na sifa yake kubwa iwe uchache wa maneno. Taarifa ya siku iwe na sentensi tatu: amelala, amekula, ametembea. Sentensi ya nne, inayohusu choo, isiandikwe kundini kabisa, ingawa ndiyo inayokunyima raha; baadhi ya dawa za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua ukiwa na kifua cha waya ni adhabu. Hilo mwambie daktari au muuguzi. Ukiwaambia wanahisa, kabla ya adhuhuri utaletewa mapapai ya kutosha kufungua genge.

Utashauriwa kubandika mlangoni saa za kumwona mgonjwa. Bandika, karatasi haina gharama. Kila atakayeisoma atasema, "Mimi si mgeni hapa," na kuingia. Jambo moja tu lisiwe na msamaha: mwenye mafua au kikohozi abaki kwake, hata kama alitoa damu.

"Uliona nini?"

Habari kwamba moyo wako ulisimamishwa itafika kijijini kabla yako. Siku ya tatu au ya nne bibi atakuja, ataomba watu wapishe kidogo, atavuta kiti karibu. "Mjukuu wangu, niambie mimi peke yangu. Uliona nini huko?"

Hukuona kitu. Kumbukumbu yako ya kwanza ni bomba kooni na kiu ambayo hujawahi kuipata hata mwezi wa Ramadhani. Jibu hilo litamnyong'onyeza bibi wa watu. Wagonjwa wenye huruma humpa mwanga kidogo na sauti ya babu ikiita kwa mbali. Mwongozo huu hauruhusu uongo, lakini unawaelewa. Na kama uliona siafu wakipanda ukuta wa chumba cha wagonjwa mahututi, jambo linalowapata wengi baada ya upasuaji mkubwa na ambalo kwa kawaida hupita, mweleze daktari, lakini bibi usimwambie hata kidogo. Siafu wale watapata tafsiri, na tafsiri itakuwa na jina la jirani.

Kisha kuna mlio. Valvu ya chuma (ndivyo tunavyoiita, ingawa vijibawa vyake kwa kawaida ni vya kaboni ngumu) hugonga kila moyo unapopiga. Mchana huisikii. Usiku jokofu likizima, ndiyo hiyo: tik, tik, tik. Watoto wa nyumba nzima watapanga foleni kuweka sikio kifuani. Mwenzi wako atagundua kwamba ukiulizwa ulikuwa wapi, mlio huongeza mwendo. Uzoee mlio huo, kwa sababu ukififia au ukipotea ghafla, na pumzi ikawa ya shida, hiyo si habari ya kungoja kliniki ya Jumatatu. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama valvu yako ni ya tishu ya mnyama, jiandae kwa kikao cha namna nyingine. Zipo za nguruwe na zipo za ng'ombe, na katika nyumba ya Waislamu swali hilo litaletwa na mtu aliyekaa karibu zaidi na sahani ya sambusa. Wakati wake ni kabla ya operesheni, kwa daktari na kwa sheikh unayemwamini. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa dharura, na ya ng'ombe haina mgogoro huo. Baada ya operesheni mjadala hauna tija. Valvu haitapikiki.

Hatari ya mtu mwema mwenye nguvu

Wiki za mwanzo, adui mkubwa wa kidari chako ni shemeji anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Ataona unahangaika kuinuka kitandani, atakushika mkono na kukuvuta. Amekusaidia. Utasikia nyota.

Mfupa wa kidari huhitaji wiki sita hadi nane kuanza kushikana barabara, na wengine huambiwa wangoje hadi kumi na mbili. Kipindi chote hicho hakuna kuvutwa, kusukuma, kuning'inia wala kujiinua kwa mikono. Unajiviringisha ubavu, unashusha miguu, unakumbatia mto kifuani, unainuka kwa nguvu ya mapaja. Mto huo ni kifaa cha tiba. Unaubana kifuani kila unapokohoa au kupiga chafya, na kukohoa ni lazima, kwa sababu makohozi yakituama mapafuni yanaleta nimonia. Ulinde. Katika nyumba iliyojaa wageni, mto ndio kitu cha kwanza kuazimwa.

Wengine wa kuwaogopa: anayesalimia kwa kukukumbatia na kukupiga mgongo, na mchungaji anayeombea kwa kubonyeza. Ibada yenyewe haina tatizo, ni uzito wa viganja tu. Kwa Mwislamu, kusujudu ni kujiegemeza kwa mikono, basi sali ukiwa umekaa. Dini imemruhusu mgonjwa tangu zamani, na mwenye maoni tofauti atoe kwanza kifua chake kipasuliwe.

Juu ya usafiri sitasema mengi. Usipande bodaboda. Bajaji ina bei nzuri hadi ifike kwenye tuta. Na usiendeshe gari wewe mwenyewe kwa wiki sita au zaidi, mpaka daktari akuruhusu.

Watakuambia usinyanyue zaidi ya kilo mbili au tatu, hospitali nyingine husema hadi nne au tano. Tatizo ni kwamba nyumbani hakuna anayepima kwa kilo, kwa hiyo chukua tafsiri. Kuku mmoja aliyechinjwa, ruhusa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hapana, na nusu ndoo nayo ni hapana. Mtungi wa gesi usiutazame hata. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kilo tisa au kumi na hajui kusoma karatasi ya ruhusa. Anakuja mbio na mikono ameinua. Kaa chini, apandishwe na mtu mwingine, akae pembeni yako. Atalia. Utalia na wewe, na hilo tutalifikia.

Hapa inabidi mwongozo ugawanyike, maana mpaka sasa nimeandika kana kwamba wagonjwa wote wanauguzwa sawa. Hawauguzwi sawa. Mwanamume akipasuliwa moyo anakuwa sultani. Maji anashikiwa, rimoti anatafutiwa, na akitamka kwamba angependa kutembea hadi kibarazani, wanawake watatu wanapiga kelele. Hatari yake ni kukaa mpaka misuli isahau kazi.

Mwanamke naye anauguzwa, na kwa mapenzi ya kweli, kwa muda wa wiki mbili hivi. Wiki ya tatu anaanza kusifiwa. "Jamani, umependeza. Wewe una nguvu, si kama fulani." Sifa hizo ni ilani. Siku inayofuata wifi yake atasimama mlangoni kuuliza mwiko uko wapi, na atauliza kwa namna ambayo jibu la pekee ni kwenda kuuonyesha. Hakuna atakayemtuma kazi. Kazi itaachwa tu isimame hadi yeye ainuke. Sasa tazama kazi zenyewe: kusonga ugali, kukuna nazi kwenye mbuzi, kutwanga, kukamua mashuka, kupiga deki, kuteka maji, kuipua sufuria ya maharage. Ungekaa kutunga orodha ya mambo ya kukizuia kidari kisipone, usingepata bora kuliko siku ya kawaida ya mama wa nyumbani. Na ugonjwa huu wa moyo unaotokana na tonsesi huwapata wanawake kwa wingi zaidi.

Dawa yake ni muhuri. Mpeleke mume kliniki, na mama mkwe ikiwezekana, wasikie kwa masikio yao. Kisha omba iandikwe: asikune nazi, asisonge ugali, asifue kwa mikono, hadi tarehe fulani. Maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwako ni uvivu. Yakiwa na muhuri wa bluu ni sayansi. Katika ziara hiyo hiyo mama mkwe ataulizia mjukuu, na ni vizuri auliziwe pale pale mbele ya daktari, kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mwenye valvu ya chuma hatakiwi kushika mimba kabla ya kupanga na daktari wake. Mimba ya kushtukiza, ambayo kwa wengine ni furaha ya ukoo, kwake yeye ni safari ya haraka kliniki. Swali la lini mume na mke warudiane nalo halina anayelileta, ila mjomba mmoja atakayecheka pembeni na kuleta supu ya pweza. Waliouliza wameambiwa kwamba wengi huweza baada ya wiki sita hadi nane hivi, na kwamba anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema yuko karibu. Pweza hahusiki.

Jikoni, ambako vita hupiganwa

Ukiwa na valvu ya chuma utameza warfarini maisha yako yote, kwa sababu damu ikikutana na kitu kigeni hutaka kuganda juu yake, na bonge likichomoka linakwenda ubongoni. Valvu ya tishu mara nyingi huhitaji dawa hiyo kwa miezi michache tu, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Ndiyo maana vijana wengi hupewa ya chuma. Kipimo cha kuangalia kama dozi inatosha kinaitwa INR. Asiyetumia dawa yuko karibu na 1. Mwenye valvu ya chuma kwenye mlango wa mitrali mara nyingi hutakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo, damu inaganda. Juu sana, unavuja damu kwenye fizi, puani, tumboni, au mahali pabaya zaidi kichwani.

Maelezo haya yakishushwa kwenye kundi la wanahisa yanabaki sentensi moja: "Asile mboga za majani." Ni kweli kwamba vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani huikabili warfarini. Lakini daktari alisema usibadilishe kiasi ghafla, hakusema uache. Familia itakufungia mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga kwa mwezi mzima, dozi yako ipangwe kwa mtu anayekula nyama na wali. Halafu utakwenda kijijini kusalimia, bibi akuone umekonda, akulishe kisamvu cha nazi mchana na usiku kwa wiki nzima. INR itashuka, na hakuna atakayemshuku bibi. Kula mboga zako kiasi kile kile kila wiki, kwisha.

Shangazi ni jambo jingine. Shangazi anakuja na unga wa mlonge. Unga huo ni majani, majani yaliyokaushwa na kusagwa, kwa hiyo vitamini K imo tele, ila shangazi hauiti mboga, anauita dawa, na dawa haikukatazwa. Nyuma ya mlonge kuna chupa ya kitunguu saumu, tangawizi na asali ya "kusafisha damu", na hiyo inaweza kukusukuma upande wa pili. Akikutana na kaka yako aliyenunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo wako, na jirani aliyekugawia flajili zake za tumbo zilizobaki, basi una kamati kamili ya kukuvujisha damu, na kila mjumbe ana nia njema. Diklofenaki, aspirini isiyoandikwa na daktari, ibuprofeni, flajili, septrini: yoyote kati ya hizo uulizie kwanza. Paracetamol kwa dozi ya kawaida ndiyo rafiki yako.

Usibishane na shangazi. Shangazi habishiwi. Pokea kopo kwa mikono miwili, sema, "Asante shangazi, nitampelekea daktari aione," na kweli mpelekee. Daktari hatashangaa, ana kabati.

Karibu na wiki ya tano mjomba mwenye bando kubwa atagundua kwamba warfarini ni sumu ya panya. Ataandika kundini kwa herufi kubwa. Kundi litawaka moto. Msemaji wako aandike hivi: ni kweli. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula nyasi za klova zilizooza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitafuta sababu, wakaipata, na mwaka 1948 dawa iliyozaliwa humo ikaanza kuuzwa ya kuua panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Akatawala hadi 1961. Panya alikufa kwa sababu hakuwa na kliniki ya INR. Mjomba hatajibu. Atatuma video ya mahubiri.

Na sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne, zile ulizochomwa kabla ya operesheni ili tonsesi isirudi kuushambulia moyo? Ndugu wote watakuambia zimekwisha kazi, si umewekewa valvu mpya. Moyo una milango minne. Uliza daktari kabla ya kuacha, na anayekuchoma ajue kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari wa meno naye ajue kabla hajagusa jino, maana vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu hupenda kukaa kwenye valvu, na kabla ya kung'oa utahitaji kumeza antibiotiki.

Kutembea, na kulia

Utatakiwa kutembea kila siku: dakika tano, kesho kutwa saba, hadi ufike nusu saa. Utatoka barazani na nyuma yako ataunganika mtoto wa kaka akiwa na kiti, dada akiwa na mwavuli, na mama akisema, "Ya Rabi, mtu kapasuliwa kifua anatembezwa juani." Tembea hivyo hivyo na msafara wako. Kwa wanaodhani mwenye valvu ni wa kukaa tu, kuna kisa cha mwaka 1960 huko Portland, Marekani, ambako daktari Albert Starr na mhandisi mstaafu Lowell Edwards walitengeneza valvu ya mpira uliokaa ndani ya kizimba. Mgonjwa wao wa kwanza alikufa siku ile ile. Wa pili aliishi miaka kama kumi, akafa kwa kuanguka ngazini akipaka rangi nyumba yake. Kisa hicho usimwambie mama. Atachukua ngazi aifungie stoo.

Kulia hakuandikwi kwenye karatasi, au kumeandikwa kwa herufi ndogo. Karibu wiki ya pili au ya tatu machozi yataanza kutoka bila kuitwa. Mtangazaji atasoma habari za bei ya korosho, utalia. Yanga watafunga, nawe ni Simba tangu kuzaliwa, utalia kwa namna ambayo watu watakosa kuielewa. Chakula kina ladha ya chuma, usingizi unakatika, unasoma ukurasa mmoja mara nne. Ni jambo la kawaida baada ya upasuaji wa moyo, na kwa wengi hupungua. Likidumu wiki nyingi, ukawa hutaki kula wala kuona mtu, hilo nalo ni ugonjwa wenye tiba, sema kliniki. Shida ni kwamba familia ina majibu mawili tu kwa machozi ya mtu mzima, kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa au kumtafuta aliyekuudhi. Baba mdogo atatumia jioni nzima kumhoji mke wako.

Wiki ya saba

Siku moja utaamka nyumba iko kimya. Hotipoti zimerudishwa kwa wenyewe. Kundi la WhatsApp limegeuzwa jina, sasa ni la harusi ya mtoto wa mwenyekiti, na umo ndani, unadaiwa kadi. Kovu lako limeonwa na wote waliostahili kuliona. Mbele yako kuna miaka mingi ya kidonge kila jioni, nauli ya kliniki na pesa ya kipimo, na hakuna anayechangisha kwa ajili ya pesa ya kipimo.

Ndipo utakapotambua nani alikuwa anakuuguza. Kwa kawaida ni mtu ambaye jina lake halikutajwa kwenye sala ya shukrani. Mara nyingi ni binti wa kidato cha tatu, mpwa uliyekuwa unamlipia ada, aliyetafuta daftari la kurasa themanini na kulipiga mistari kwa rula: tarehe, INR, dozi, uzito wa asubuhi. Yeye ndiye aliyeona umeongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili na kusema ni maji, si mtori. Ndiye aliyejua kwamba dukani wamekosa vidonge vya miligramu 5 na kwamba ukipewa vya 1 unahesabu vitano, si kimoja. Ulipokosa dozi ya usiku, ndiye aliyekataa usimeze mbili kesho yake. Hana hisa, hakutoa damu kwa sababu umri haukumruhusu, na kwenye picha zote za wageni yuko pembeni ameshika sinia. Mlipie ada. Mlipie na ya kidato cha nne.

Mwaka ukipita utaalikwa kwenda kumwona mgonjwa wa mtaa wa pili aliyepasuliwa wiki iliyopita. Utakwenda, kwa nia njema kabisa. Utapita karatasi ya saa za kumwona mgonjwa, ukijua kwamba haikuhusu, maana wewe si mgeni wa mambo haya. Utaketi kitandani badala ya kwenye kiti. Utamwambia kwamba daktari wake ni mzuri, ila wako alikuwa na mikono mepesi zaidi. Kisha, kabla mtu hajakuomba, utaanza kufungua vifungo vya shati.